Mchagua Jembe Si Mkulima? Mwanakiswahili na Mfumo Endeshi wa Tarakilishi Yake

Tangu nijiunge na masomo ya uzamili, swali ambalo wenzangu wa shahada ya kwanza wameniuliza mara nyingi zaidi si la fonolojia wala la ushairi. Ni hili: "Kaka, nataka kununua kipakatalishi. Niweke mfumo gani?" Anayeuliza aghalabu ni mwanafunzi aliyejinyima kwa mihula miwili, na sasa ana hela za kununulia mashine moja tu, tena ya mitumba. Akikosea, hana za kununulia nyingine. Na anayemjibu aghalabu ni fundi wa dukani, ambaye humwekea chochote kile alicho nacho, kana kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana kazi nyingine ila kupiga chapa insha.

Katika makala haya ninakusudia kulijibu swali hilo mintarafu ya kazi zetu sisi wanakiswahili, za kila siku na za kuunda programu. Najua wapo watakaonikatiza mapema kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Watasema kuwa mwandishi hodari huandika kwa kalamu yoyote, na kwamba mjadala wa Windows na Linux ni wa watu wasio na shamba la kulima. Naiheshimu methali hiyo, na kwa kiasi fulani naikubali. Hata hivyo, methali inamzungumzia mkulima ambaye majembe yote mbele yake ni yake. Haimzungumzii mkulima anayelima kwa jembe ambalo mwenyewe anaweza kuja kulichukua kabla ya msimu kwisha.

Mfumo endeshi ni nini?

Kabla ya kuchagua, yafaa tujue tunachagua nini. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka mara tu tarakilishi inapowashwa. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kusoma diski, kupokea herufi kutoka kwenye kibodi, kuituma kazi kwa printa na kuzipa programu nyingine nafasi ya kutenda. Programu ya kuandikia tasnifu haizungumzi na mashine moja kwa moja; huzungumza na mfumo endeshi, nao ndio unaoiamuru mashine. Kwa hivyo kila programu tunayoitumia imeandikwa kwa ajili ya mfumo fulani, na ukiuchagua mfumo umekwisha kuchagua sehemu kubwa ya programu zako.

Mifumo mitatu ndiyo inayotawala tarakilishi za mezani na za mapajani. Wa kwanza ni Windows wa kampuni ya Microsoft, ambao umeenea mno katika ofisi, shule na vioski vyetu vya intaneti. Wa pili ni macOS wa kampuni ya Apple, ambao hukusudiwa mashine za Apple pekee. Wa tatu ni Linux, ambao si mali ya kampuni moja. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, na msimbo wake umewekwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na augawe upya kwa masharti ya leseni yake. Linux huja katika matoleo mengi. Ubuntu, lililo mashuhuri zaidi kati ya hayo, lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Msomaji anayedhani kuwa hajapata kuitumia Linux aitazame simu yake: ikiwa ni ya Android, kiini chake ni Linux.

Yaliyonikuta

Niruhusuni niseme yaliyonikuta mwenyewe. Mwaka 2018, nikiwa mwaka wa tatu, nilikuwa na kipakatalishi cha mitumba kilichowekewa Windows isiyo na leseni. Sikujali, kwa kuwa takriban kila mwanafunzi niliyemjua alikuwa na vivyo hivyo. Nakala kama ile mara nyingi haipati masasisho ya usalama, au mwenyewe huyazima kwa kuhofia kugunduliwa. Wiki mbili kabla ya kuwasilisha mradi wangu, nilichomeka flashi yangu katika mashine ya kuchapishia karatasi, nikarudi nayo chumbani. Nilipoifungua kesho yake, sura tatu za mradi zilikuwa zimetoweka, na mahali pake pamebaki vijia vya mkato visivyofungua kitu.

Fundi niliyemwendea alisema flashi ifutwe yote. Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi wa hisabati. Aliiwasha mashine yangu kwa Ubuntu iliyokuwa ndani ya flashi yake, bila kuigusa diski yangu, kisha akaifungua flashi yangu. Sura zote zilikuwamo. Virusi vile vilikuwa vimeyaficha mafaili kwa alama ambayo Windows huitii, ila Linux haikuijali. Nilinakili kazi yangu nikashusha pumzi.

Sisimulii haya ili nidai kuwa Linux haipatwi na virusi. Mfumo wowote unaweza kushambuliwa. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimeikabidhi kazi ya mwaka mzima kwa mfumo ambao sikuununua, sikuuelewa wala sikuweza kuusasisha. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Tangu siku hiyo huwaambia wenzangu kwamba chaguo baya kuliko yote ni Windows ya kunakiliwa mtaani. Anayeitaka Windows ainunue na leseni yake, au anunue mashine iliyokuja nayo kihalali. Rahisi ghali.

Kazi za kila siku

Hebu sasa tuyapime mahitaji yetu kwa mizani. Kazi za kila siku za mwanakiswahili ni kuandika, kusoma makala, kutuma barua pepe, kuandaa mawasilisho na kuhudhuria mikutano ya mtandaoni. Barua pepe na mikutano hufanyika ndani ya kivinjari, na vivinjari vikuu kama Firefox na Chrome vinapatikana katika mifumo yote mitatu. Mwanafunzi wa fonetiki anayechanganua mawimbi ya sauti kwa Praat, au anayenukuu rekodi za nyanjani kwa ELAN, ataipata programu yake popote atakapokuwa. Mwenye takwimu anaweza kutumia R bila kulipa hata senti.

Tatizo huanzia kwenye nyaraka. Wasimamizi wetu wengi huandika maoni yao pembeni mwa ukurasa kwa Microsoft Word, nasi hutarajiwa kuyajibu humo humo. LibreOffice, inayotumiwa sana katika Linux, huzifungua nyaraka hizo na kuyaonyesha maoni, lakini jedwali linaweza kuhama na nambari za kurasa kubadilika. Nimewahi kumpelekea msimamizi wangu sura ambayo michoro yake ya vishazi ilikuwa imevunjika vipande, naye akadhani nimeandika kwa haraka. Aidha, NVivo, ambayo baadhi ya watafiti huitumia kuchanganua mahojiano, haina toleo la Linux. Anayeihitaji kwa tasnifu yake, au anayebadilishana rasimu na wasimamizi watatu kila wiki, asijitese: Windows yenye leseni ndiyo itakayomfaa. Lau ningemficha msomaji ukweli huu ningekuwa muuzaji wala si mshauri.

Lakini upo ukweli wa pili. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai, pamoja na mengine, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha vizazi vya karibuni, na kwa upande wa Intel orodha inaanzia takriban kizazi cha nane. Mashine nyingi za mitumba tunazozimudu hazifikii masharti hayo. Zina nguvu, skrini zake ni safi, kibodi zake ni nzima, ila aliyeutengeneza mfumo ameamua kuwa zimezeeka. Hapa ndipo ile methali ya jembe inaponikaa vibaya. Jembe halijapinda wala mpini haujaoza. Ila mwenyewe amesema msimu wake umekwisha. Mashine kama hizo zinaweza kuwekewa Linux Mint ya Xfce, ambayo hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 4, zikapokea masasisho na kufanya kazi kwa miaka mingine kadhaa.

Mwanakiswahili kama mwundaji wa programu

Wapo watakaouliza: kuunda programu kunatuhusu nini sisi wa fasihi na isimu? Chukua neno moja tu, hatukumwandikia. Ndani yake mna ha- ya ukanushi, -tu- ya nafsi, -ku- ya wakati uliopita, -mw- ya mtendewa, mzizi -andik-, -i- ya kauli ya kutendea, na kiishio -a. Ni mofimu saba katika neno moja, ambalo Mwingereza hulisema kwa maneno sita. Kisahihishi cha tahajia kilichojengwa juu ya orodha ya maneno matupu hakiwezi kuyabeba maumbo yote ya namna hiyo. Kitalipigia neno sahihi mstari mwekundu, nasi tutaanza kuitilia shaka lugha yetu badala ya kukitilia shaka chombo. Anayeweza kukifundisha chombo hicho kanuni za viambishi vyetu ni mtu anayevijua viambishi, yaani wewe na mimi.

Jambo hili si ndoto. Chuo Kikuu kile kile cha Helsinki alikosoma Torvalds ndiko Kimmo Koskenniemi alikowasilisha, mwaka 1983, nadharia yake ya mofolojia ya viwango viwili. Na huko huko Profesa Arvi Hurskainen aliitumia nadharia hiyo kujenga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, na akaongoza uundaji wa kongoo ya Kiswahili inayojulikana kwa jina la chuo hicho. Ni fahari kwa Kiswahili kwamba kilihudumiwa hivyo kaskazini mwa Ulaya. Ni swali kwetu kwamba huduma hiyo haikuanzia Nairobi, Eldoret wala Maseno. Inatia moyo kuona kuwa katika miaka ya karibuni mradi wa Kencorpus, uliowashirikisha watafiti wa vyuo vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, umekusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya.

Kwa kazi za namna hii, mfumo una uzito wake. Linux imefuata mtindo wa Unix, mfumo ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na kutokana na mtindo huo imerithi zana ndogo ndogo za kushughulikia matini. Tuseme una riwaya iliyo katika faili la matini. Katika dirisha la amri unaiagiza tr ilipange kila neno katika mstari wake, kisha sort iyapange kwa alfabeti, kisha uniq ihesabu yanayojirudia, na mwisho sort tena iyapange kwa wingi. Kwa mstari mmoja umepata idadi ya kila neno katika riwaya nzima. Ukiongeza grep, unaweza kuomba kila umbo lenye -pend- ukaletewa anapenda, hupendwa na wapendanao kwa mkupuo. Zana hizi huja pamoja na mfumo. Nilipozijua, kazi ya kuhesabu vitenzi niliyokuwa nimeipangia likizo nzima ilikwisha kwa alasiri moja, na likizo ikabaki kwa kufikiri juu ya vitenzi vyenyewe.

Haki idai kuwa Linux haimiliki uwezo huu peke yake. macOS nayo ni ya ukoo wa Unix na ina zana zizo hizo. Kikwazo chake ni bei. Atakayeunda programu za iPhone hana budi kuwa na mashine ya Apple, kwa sababu Xcode, zana rasmi ya kazi hiyo, haipatikani kwingineko. Microsoft nayo, tangu mwaka 2016, imeruhusu Linux iendeshwe ndani ya Windows yenyewe kupitia WSL. Python hufanya kazi kote. Mwanafunzi mwenye Windows halali hana sababu ya kuifuta. Aiwashe WSL, ajifunze humo. Lakini tuone maana ya jambo hilo: mwenye Windows mwenyewe ameona kuwa mwundaji wa programu anaihitaji Linux, akaikaribisha nyumbani kwake.

Nani mwenye neno la mwisho?

Nimefika kwenye sababu inayonielemea zaidi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Uswidi katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi wenye kiolesura cha Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya kiolesura cha Kiswahili kwa Windows na Office. Juhudi zote mbili zastahili shukrani. Ziliionyesha dunia kwamba Kiswahili kinaweza kuiamuru tarakilishi.

Tofauti i katika yanayofuata baada ya tafsiri kutolewa. Sisi wenyewe bado tunavutana: tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Nywila au nenosiri? Kabrasha au folda? Mvutano huo ni wa kawaida, ndio istilahi zinavyokomaa. Katika programu iliyofungwa, kampuni ikishachagua neno, mimi na wewe tunaweza kulalamika darasani tu. Katika programu huria, faili la tafsiri liko wazi. Mwanafunzi wa isimu tumizi anaweza kulifungua, akaona neno lililokosewa, akapendekeza lingine na kutoa hoja zake mbele ya watafsiri wenzake.

Mpinzani wangu atanijibu, na kwa haki, kuwa tafsiri za Kiswahili katika programu huria nyingi hazijakamilika: unafungua menyu, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Ni kweli, na inaudhi. Lakini jiulizeni upungufu huo ni wa nani. Msimbo umefunguliwa, mlango hauna kufuli, na wenye lugha tumekaa nje tukisubiri kuandaliwa meza. Kila mwaka tunaandika miradi mingi kuhusu matatizo ya istilahi za kisayansi, kisha miradi hiyo inapangwa rafuni, ilhali menyu ya LibreOffice ingali na maneno ya kutafsiriwa. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa huu hatukulazimishwa na mtu.

Ninachopendekeza

Kwa mwanafunzi, ushauri wangu ni huu. Ikiwa una Windows halali inayopata masasisho, ibakize, na ujifunze Linux kwa WSL au kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, ambako haitabadilisha kitu hadi utakapoiamuru. Ikiwa mashine yako imekataliwa na Windows 11, au ina nakala ya mtaani, weka Linux uwe na amani. Kwanza nakili kazi zako zote mahali pengine, kwa kuwa kusakinisha kunaweza kuifuta diski. Pakua mfumo kwa mtandao wa chuo, maana ni gigabaiti kadhaa na bando lako halitastahimili. Ijaribu kwa flashi kabla ya kusakinisha, uone kama sauti na mtandao usiotumia waya vinafanya kazi. Kwangu mimi mtandao uligoma siku mbili, nikawa ninatumia simu iliyounganishwa kwa kebo. Linux haidai fedha, ila inadai subira.

Kwa wahadhiri wetu ninaomba mambo mawili kwa unyenyekevu. La kwanza, tasnifu iliyokamilika ipokelewe katika umbo la PDF, ili mwanafunzi asihukumiwe kwa jedwali lililohama njiani. La pili, tarakilishi za maabara zilizokataliwa na Windows 11 zisitupwe wala zisiachwe zikitumika bila masasisho. Ziwekewe Linux, ziwe mahali pa kufundishia kongoo na uchanganuzi wa matini.

Kwa chama chetu ninapendekeza tuchague programu huria moja, ndogo, tuimalizie tafsiri yake katika mwaka mmoja wa masomo. Kila istilahi ijadiliwe katika mkutano wa chama kama tunavyolijadili shairi. Tukishindwa tutakuwa tumejifunza. Tukifaulu, mtoto wa shule mahali fulani ataifungua mashine na kukuta neno tulilolipima sisi.

Narudi kwa wale walionirushia methali. Ni kweli, mchagua jembe si mkulima, na siku tutakayokesha tukibishana ni toleo gani la Linux lililo bora tutakuwa tumestahili kukemewa. Mimi sitaki tukeshe. Nataka tuchague mara moja, kwa kuitazama kazi iliyo mbele yetu, kisha tulime. Shamba la Kiswahili katika tarakilishi lingali na magugu mengi, na jembe ambalo mtu anaruhusiwa kulinoa mwenyewe liko pale, bila malipo, linangoja mkono.